Shangazi Yangu Mateka Hakuuza Muntu

Ninyi vijana mutakaosoma haya, mutulie kwanza. Kama munasomea ndani ya simu, muache vidole vipumzike. Mimi si muntu wa kuandika. Baba alikataa nisome kwa masista, aliogopa watanibatiza, kwa hiyo herufi zangu nyingine nilizipata chuoni kwa mwalimu wa Kurani na nyingine niliziokota kwenye magunia ya muchele pale bandarini. Mukikuta neno limekaa upande, mulinyooshe wenyewe. Lakini mambo yenyewe nitakayosema, hayo musiguse.

Munaijua ile serie ya televizio inayoonyesha Kindu ya wakati wa Wabeleji. Umeme ukiwepo, mutaa wetu wa Kasuku wote unaitazama. Umeme ukikosekana, watu wanafuata mulio wa jenereta ya jirani kama inzi wanavyofuata samaki. Ndani yake kuna mwanamuke anaitwa Mama Mateka. Anakaa bandarini na beseni ya mikate, na askari wakija kutafuta wanaume waliokimbia kodi na kazi ya barabara, yeye anawaonyesha kwa kidole. Halafu anapewa kitenge kipya, anacheka.

Wajukuu wangu wawili ninaoishi nao, Amisi anayesoma iniversite na Feza anayeshona nguo, walianza kugombana juu ya huyo mwanamuke. Waligombana mbele yangu, wakagombana ndani ya simu na watu ambao hawajawahi kuwaona, wengine wako Kinshasa, wengine Ulaya.

Amisi alisema, "Ni habari ya kweli. Mwisho wa serie wanaandika kwamba wamepata kwa wazee wa Kindu."

Feza akasema, "Wazee gani? Surse iko wapi?"

"Jina lenyewe njo surse. Koteka kwa Kilingala ni kuuza. Mama Mateka, mama muuzaji. Alikuwa anauza watu."

"Wenzangu wanasema alikuwa anajifanya tu. Kumbe kwa siri anawaficha hao wanaume."

"Wenzako wanapenda kila mwanamuke awe shujaa."

"Na wenzako wanapenda awe muchawi."

Mimi nilikuwa pembeni napepeta muchele. Surse ninayoijua mimi ni kule bondeni tunakochota maji, kwa hiyo niliwauliza wanatafuta maji gani na pipa limejaa. Wakacheka mupaka Amisi akashika ukuta. Feza akanieleza kwamba surse ni muntu au kitabu ambako neno limetoka.

Nikawaambia, "Basi mumekaa kando ya surse na munakufa na kiu. Mateka ni shangazi yangu."

Kicheko kikaisha. Amisi akauliza, "Shangazi wa kweli, bibi?"

"Kuna wa plastiki?"

Enzi zetu, vijana, Kindu haikuamushwa na pikipiki. Iliamushwa na masuwa, meli ya mutoni. Masuwa ikipiga honi kutoka upande wa Lokandu, mbwa wote walijibu, na mama zetu walijua kwamba abiria wanakuja na njaa. Gari la moshi nalo lilifika na moshi wake, likasimama karibu na muto, na watu wakahamisha mizigo kutoka huku kwenda kule: pamba, muchele, mafuta ya ngazi, yaani mawese, chumvi. Wanaume walibeba magunia kwa mwendo wa kukimbia, wakiimba nyimbo za kumutukana kapita, musimamizi wao, na kapita hakuelewa kwa sababu alikuwa mugeni. Siku alipoelewa walibadilisha lugha.

Sisi watoto tulicheza gari la moshi. Wa mbele alikuwa mashine, sisi wengine tulishikana nguo kwa nyuma, tunapiga kelele, na wa mwisho kabisa, aliye na kamasi, alikuwa behewa la Waafrika. Wavulana walichemusha utomvu wa mupira wakatengeneza mpira unaoruka mupaka juu ya paa. Wasichana tuliruka kamba ya kukauka ya mugomba. Leo ninawaona watoto wamekaa kwenye benchi moja, kila mumoja na kioo chake, wanacheza mpira kwa kidole gumba. Halafu wanasema wamechoka. Wamechoka nini?

Shangazi Mateka aliishi kwetu, upande wa nyuma wa uwanja. Ni dada mukubwa wa baba, hakuwa na mume tena wala mutoto aliyebaki hai. Mwanamuke munene, maneno kidogo. Muchele aliuloweka jioni. Alfajiri mimi njo nilitwanga, yeye anachekecha, unga unabaki mweupe na laini kama poda ya mutoto. Aliuchanganya na ndizi mbivu na togwa kidogo, akaufunika, akangoja upumue. Mimi nilipenda kutega sikio pale juu, nisikie zile pumzi. Halafu mafuta ya ngazi yanapanda moto, yanaacha wekundu wake, na harufu inaingia kwenye nywele, kwenye nguo, mupaka kwenye Kurani ya baba. Mukate wa kwanza hakumupa muntu. Alisema ni wa kikaango, kikaango nacho kinahitaji kula. Ukiuiba alikujua, maana ulikuwa mubaya siku zote na uso wako ulisema.

Maneno yake nayakumbuka. "Ukila bila kunawa, utanawa kwa machozi." Na lile lingine alilosema kwa wateja waliotaka kugusagusa: "Macho ni bure, kidole unanunua." Alinipiga kwa muiko wa mbao, mara nyingi kwa haki, mara nyingine kwa sababu nilikuwa karibu. Siwaambii kwamba alikuwa malaika.

Sisi pia tulikuwa na sinema, musidhani dunia imeanza na ninyi. Muzungu mumoja alikuja na lori, akatundika kitambaa cheupe uwanjani, na juu ya kitambaa tukamuona Mwafrika mulevi anaiba kinga, yaani baiskeli, anaanguka nayo mutoni, anazama. Tulilia. Lori liliporudi tena, yule yule mulevi akatokea, muzima, anaiba mbuzi. Vita ikaanza kati yetu. Wengine walisema ni pacha wake. Wengine walisema aliokolewa na wavuvi, na kuna mutoto aliyeapa kwamba mujomba wake njo alimutoa majini. Sisi tuliomba surse bila kujua jina lake, tulisema tu, "Apa kwa Mungu." Tulimupelekea shangazi kesi. Hakuacha hata kugeuza mikate. Akasema, "Huyo ni muntu wa kitambaa. Hana mama wa kumulilia. Muacheni afe mara anazotaka."

Neno hilo nililifikiri sana mwaka huu. Amisi pia aliniambia, "Bibi, ni filimu tu." Nikamujibu kwamba yule wa kitambaa hakuwa na mama, lakini huyu wenu wamemupa jina la muntu aliyenilea, wamemukalisha mahali pake pale pale, wamemupa mupaka beseni. Wamebadilisha paka kidole tu. Na sombe, majani ya muhogo, anaiita pondu, kama muntu wa Kinshasa. Wigi yake sitaizungumza.

Sasa sikilizeni habari ya jina, maana hapo njo kosa lilipozaliwa.

Askari na watu wa masuwa walisema Kilingala. Sisi wa hapa tulisema Kiswahili, na wazee wetu walijivuna kwamba chao ni kizuri, cha watu wa pwani. Siku moja askari mumoja alinunua mikate akamuuliza shangazi jina. "Mateka." Yule askari akafurahi. Akaita wenzake, "Jina lake ni kuuza na kazi yake ni kuuza." Wakacheka wote, wakaanza kumuita Mama Mateka kwa kelele kila masuwa ikifika. Shangazi alicheka nao. Mimi nilikuwepo, nilidhani jina lake limetoka kwa hao askari.

Halafu ikafika siku ya ugomvi kwenye surse. Nilikuwa nagombania kamba na musichana wa nyumba kubwa, nyumba ya waungwana, watu waliosema babu zao walitoka Unguja kwa miguu yao wenyewe. Nilikuwa namushinda. Bibi yake akatokea na ndoo, akamushika mukono mujukuu wake akasema, "Muache huyo. Utagombana na mutoto wa mateka?"

Mimi mujinga nikajibu kwa sauti kubwa, "Mimi si mutoto wa Mateka. Mateka ni shangazi yangu. Mimi ni mutoto wa Ramazani." Wanawake wote pale kwenye surse waliangua kicheko, mumoja akaangusha mutungi. Nilirudi nyumbani nusu ya ndoo imemwagika, sijui wanacheka nini.

Nilimuuliza shangazi. Alikuwa anaosha kikaango kwa muchanga. Akasema, "Kaa chini." Halafu akaniambia neno moja lina kazi mbili. Maji yanatekwa. Watu pia walitekwa. Mama yake, yaani bibi yangu mimi, alikuwa mutoto wa kike anayelinda mupunga kwa ndege, kule mashambani upande wa Kabambare, wakati wa misafara ya pembe na watumwa. Walimuteka huko. Jina alilopewa na mama yake aliwaambia, wakalitupa, wakamuita Faida. Faida yao. Alikuzwa utumwani, akazalia utumwani, na kijiji chake hakukumbuka tena jina, alikumbuka paka hilo tu, kwamba maji yake yalikuwa meusi na baridi. Alipopata mutoto wa kwanza wa kike, bwana wa nyumba alitaka aitwe jina la binti wa Mutume, la heshima. Bibi yangu akakataa. Alisema, "Mimi mumeniita Faida. Huyu nitamuita Mateka, asije akadanganyika kwamba tulikuja hapa kutembea."

Shangazi aliyasema hayo bila kulia. Mukono wake uliendelea na muchanga.

Baba alikuwa muntu mwingine. Baba alitaka kuswali safu ya mbele. Alitaka binti zake waolewe na waungwana. Aliposikia yaliyotokea kwenye surse, alituita wote, akamuita na dada yake, akasema, "Kuanzia leo, muntu akiuliza maana ya Mateka, semeni ni Kilingala. Ni kuuza. Yule askari ametupa bure kitu ambacho sikuweza kununua." Shangazi aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mudogo wangu." Naye ni mukubwa kwake.

Tulisema hivyo. Tulisema kwenye surse, sokoni, kwenye harusi. Tulisema sana mupaka waliozaliwa nyuma yetu hawakujua kitu kingine. Niliolewa vizuri kwa sababu ya Kilingala hicho. Shangazi alizikwa nacho. Munaona sasa? Hao watu wa serie hawakutunga kila kitu. Walikuja hapa, wakauliza, wakapewa uongo wetu wenyewe: mwanamuke wa bandarini, jina lake ni kuuza. Ilibaki kujaza alichouza. Kwangu hawakubisha hodi, lakini wangebisha zamani kidogo, labda na mimi ningewapa kile kile.

Ningenyamaza mupaka leo. Lakini kuna Yuma. Yuma ni jirani yangu, nyumba yake iko baada ya fensi ya miyombo, amezeeka, ni mudogo kwangu kidogo tu. Baba yake alikamatwa pale bandarini wakati Yuma yuko mugongoni mwa mama yake, akapelekwa kwenye machimbo, hakurudi hata kofia yake. Maisha yote Yuma akipita mbele ya mulango wangu anasema, "Salama, dada?" Baada ya serie hiyo kuonyesha kidole cha Mama Mateka, Yuma alipita akaangalia mbele. Kesho yake vile vile. Wazee tumebaki wachache kama meno yangu, na mumoja ananipita kama kisiki.

Nilivaa kitenge changu nikaenda kwake. Feza alinifuata, anasema nimushike mukono. Nilimwambia ashike wake.

Yuma alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mwana wake anatengeneza pikipiki pembeni. Hakusimama. Nikasema, "Yuma, unanipita bila salamu."

"Nilikuona."

"Najua uliniona. Macho yako ni mazima, ulimi njo mugonjwa."

Akasema, "Dada, nakuuliza mara moja. Ni kweli, au si kweli?"

"Si kweli. Shangazi yangu hakuuza muntu."

Feza akaingia katikati, "Alikuwa anawaficha, babu."

Nikamugeukia. "Wapi? Ndani ya kikaango? Hakuuza muntu na hakuficha muntu. Askari walipokuja aliinama juu ya mikate yake kama wote. Aliogopa."

Yuma akaniangalia. "Una mushahidi?"

"Sina. Waliokuwepo wamekufa."

"Basi niamini nini? Wote tunajua maana ya jina lake. Ninyi wenyewe njo mulitufundisha."

Amisi ananiambia kila siku kwamba neno la muntu mumoja halitoshi kuwa surse, na mutoto ana haki. Sikuwa na kitu cha kuweka mbele ya Yuma isipokuwa kile alichokifunika baba. Nikakitoa. Nilisema pale pale, mbele ya mwana wake, mbele ya wake za jirani waliokuwa wanakaanga samaki na kujifanya hawasikii: jina lile si Kilingala. Ni Kiswahili chetu, kile tunachojivunia. Mateka ni muntu aliyetekwa. Bibi yangu alikuwa mutumwa, na alimupa binti yake jina hilo kwa kinywa chake, akiwa na akili timamu.

Samaki waliungua. Hakuna aliyewageuza.

Yuma alisugua magoti yake muda murefu. Akasema, "Ungeniachia ile ya kuuza, dada. Ile ningeweza kukasirika nayo."

"Ukasirike na waliomukamata baba yako."

"Hao walishapanda ndege wakaenda." Halafu akasema polepole, "Umefanya vibaya. Wajukuu wako wataitwa hivyo njiani mupaka watakapozeeka. Watu hawasahau neno kama hilo."

"Hata sisi hatukusahau. Tulilificha tu, na munaona lilivyooza."

Hakuniambia kama ameniamini. Mupaka leo hajaniambia. Kesho yake alipita mbele ya mulango wangu akasema, "Dada," basi, bila salama yake. Nilijibu kama amesema yote.

Enzi zetu, muongo ulimujua kwake na mama yake ulimujua. Ukitaka kumupinga unavaa kitenge unavuka fensi. Leo neno linatoka Kinshasa, linapita Ulaya, linarudi Kasuku, na anayelibeba hana uso. Sisi tulikuwa na siri nyingi na haya nyingi, na haya zetu nyingine zilikuwa za kipumbavu. Ninyi hamuna siri, munapiga picha mupaka sahani ya chakula, lakini nikiwauliza bibi wa bibi yenu aliitwa nani, munatafuta ndani ya simu. Honi ya masuwa siku hizi ninaisikia mara chache sana, na nikiisikia ninashangaa kwamba mikono yangu bado inatafuta muchi. Ningetoa televizio hii na jenereta yake nipate kutega sikio tena juu ya ule unga unaopumua. Lakini baba yangu na safu yake ya mbele sitaki arudi nayo.

Yuma alisema kweli kuhusu njia. Haikupita wiki, Feza alirudi kutoka sokoni amefura. Vijana wa pikipiki walimupigia kelele, "Watoto wa mateka hao." Amisi alisikia, akasimama, anatafuta viatu, anasema atawavunja meno. Wajomba zake nao wakaanza kusema tutafute mukubwa wa kartie, yaani wa mutaa, tukanushe, tuseme bibi amezeeka, amechanganya mambo.

Niliwaita wote uwanjani, na wale wadogo waliokuwa wanacheza, na wake za wanangu. Nilimwambia Amisi avue viatu. Nikawaambia: hakuna atakayepiga muntu, na hakuna atakayesema nimezeeka. Katika nyumba hii muntu hatatoa tena Kilingala kwa swali la Kiswahili. Mukiwa njiani, mukiwa sokoni, mukiwa musikitini, muntu akiita watoto wa mateka, mugeuke, mumuangalie usoni, muitike.